Korea Kusini kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili wa Mpenzi wa Utamaduni wa Kikorea

Wengi wetu tuliijua Korea sebuleni. Kuna kizazi kilichomfuata Jumong, shujaa wa tamthilia ya Kikorea, kwenye diski za kukodi, na kuna waliokuja baadaye wakiwa na muziki wa BTS masikioni. Wakifika Seoul, wote huponzwa na kitu kimoja: orodha ndefu ya sehemu za kupigia picha. Wanavuka jiji huku na huku, simu inajaa, na wanaondoka bila kujua kwa nini mfalme wa kwenye tamthilia kila mara ameketi mbele ya mchoro wa vilele vitano, jua na mwezi.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unaanzia kasri, unaingia kwenye nyumba ya kawaida, unakula, unaoga, unafika kwenye muziki, ndipo unatoka nje ya Seoul. Ukienda hivyo, ulichokiona jana kinakufungulia cha leo. Umekadiriwa kwa mwenye siku saba hadi kumi. Mwenye siku nne abaki Seoul, aongeze Suwon, Busan aiache kabisa.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Nikisema saa 4 asubuhi, bango la huko litaandika 10:00.

Kabla ya kukata tiketi

Anza na viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza kabla ya kusafiri, na ombi hupitia ubalozi wa Korea. Dar es Salaam na Nairobi zote zina ubalozi. Andaa taarifa ya benki, barua ya mwajiri au cheti cha biashara, tiketi ya kwenda na kurudi na mpango wa safari wa siku kwa siku. Mpango huo usiuchukulie kama karatasi ya kujazia faili. Andika majina halisi ya sehemu na mahali pa kulala. Jipe angalau mwezi na nusu, na usilipie hoteli isiyorudisha pesa kabla viza haijatoka.

Ndugu zetu wenye pasipoti za Ulaya au Marekani kwa kawaida hawahitaji viza kwa matembezi mafupi, ila wakague kama wanatakiwa kuwa na kibali cha mtandaoni kinachoitwa K-ETA. Ada yake rasmi ni won 10,000 (won ni fedha ya Korea). Tovuti inayokudai dola mia moja si ya serikali.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hakuna. Njia za kawaida ni Addis Ababa, Doha au Dubai, unatua uwanja wa ndege wa Incheon. Korea iko saa sita mbele ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo siku ya kufika usiipangie kitu kizito.

Majira yanaamua mengi. Kati ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba majani yanageuka mekundu na njano, hewa ni kavu, na kutembea ni raha. Mwanzo wa Aprili una maua ya cheri na watu wengi. Mwisho wa Juni na Julai ni mvua na fukuto. Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na koti la Arusha au Limuru halitoshi. Kagua pia tarehe za Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na Chuseok, sikukuu ya mavuno. Siku hizo nusu ya nchi inarudi kijijini, tiketi za treni zinakwisha mapema, na migahawa mingi midogo inafungwa.

Jambo dogo linalosahaulika ni soketi. Umeme wa kule ni volti 220, karibu sawa na wetu, lakini soketi zinapokea pini mbili za mviringo. Chaja ya pini tatu bapa haiingii bila adapta, na adapta ni nafuu ukinunua nyumbani.

Jioni chache za kujifunza kusoma

Usiruke hatua hii. Mwandiko wa Kikorea, Hangul, una herufi 24 za msingi: konsonanti 14 na irabu 10. Mfalme Sejong aliukamilisha mwaka 1443 na kuutangaza mwaka 1446 ili watu wa kawaida, wasiojua maandishi ya Kichina, waweze kusoma. Uliundwa uwe rahisi. Herufi ㄴ, yenye sauti ya n, imechorwa kufuata ulimi unapogusa nyuma ya meno; ㅁ, yenye sauti ya m, ni umbo la mdomo. Herufi hupangwa kwenye vifungu vya silabi, na sisi tuliojifunza kusoma kwa ba-be-bi-bo-bu tunaingia humo bila taabu.

Hutajua maana ya unachosoma, lakini utajua basi linaenda wapi, utatambua jina la chakula ulilolisikia kwenye tamthilia, na utaacha kumsumbua kila mpita njia.

Kwenye simu weka Naver Map au KakaoMap. Google Maps kule ina upungufu, hasa kwa maelekezo ya kutembea kwa miguu, kwa sababu kwa miaka mingi serikali ilizuia data za kina za ramani kupelekwa nje ya nchi. Ongeza Papago kwa tafsiri, na uhifadhi namba tatu: 112 ya polisi, 119 ya zimamoto na gari la wagonjwa, na 1330, simu ya msaada kwa watalii ambako utajibiwa kwa Kiingereza.

Kutoka Incheon hadi kitandani

Uwanja wa ndege uko mbali na jiji. Treni ya AREX ina aina mbili: ya haraka isiyosimama, inayofika Seoul Station kwa dakika 43 hivi kutoka jengo la kwanza la abiria, na ya kawaida inayosimama kila kituo, inayotumia karibu saa nzima kwa nauli ndogo zaidi. Kama huna haraka, panda ya kawaida.

Kabla ya kupanda, ingia kwenye duka lolote dogo la saa 24 ununue kadi ya T-money na uiongezee salio kwa fedha taslimu. Kadi hiyo moja inalipa treni za jiji, mabasi na hata teksi nyingi. Kwenye basi igonge unapopanda na unaposhuka pia, la sivyo unapoteza punguzo la kubadilisha chombo. Ukipanga kuzunguka Seoul sana, ipo Climate Card ya watalii ya siku moja hadi saba, ila haikubaliki kwenye KTX, treni ya mwendo kasi ya kwenda miji mingine, wala kwenye treni ya haraka ya uwanja wa ndege.

Ukiwa hapo dukani, itazame noti ya won 10,000. Sura ni ya Sejong, na upande huohuo, nyuma ya sura yake, kuna vilele vitano, jua na mwezi. Kesho utauona mchoro huohuo mahali pake.

Pa kulala, chagua eneo la Jongno: karibu na vituo vya Anguk, Jongno 3-ga au Gyeongbokgung. Gangnam ina sifa, lakini iko ng'ambo ya mto na itakula saa zako kila asubuhi. Myeongdong inafaa kama unapenda maduka chini ya dirisha lako.

Hatua ya kwanza: kasri

Seoul ina makasri matano ya enzi ya Joseon, nasaba iliyotawala tangu 1392 hadi mwisho wa karne ya 19. Kwa mara ya kwanza yanatosha mawili, Gyeongbokgung na Changdeokgung. Tahadhari ya siku: Gyeongbokgung hufungwa Jumanne, Changdeokgung hufungwa Jumatatu. Watu wanavuka dunia nzima kisha wanakuta geti limefungwa kwa sababu hii tu.

Gyeongbokgung lilijengwa mwaka 1395, likaungua wakati wa uvamizi wa Wajapani mwaka 1592, likakaa gofu kwa zaidi ya karne mbili na nusu, likajengwa upya kufikia 1867. Halafu ukoloni wa Japani, uliodumu toka 1910 hadi 1945, ukabomoa sehemu kubwa na kusimamisha makao makuu ya utawala wake mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi. Jengo hilo la kikoloni lilibomolewa katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo mengi unayoyaona ni mapya, na Wakorea wenyewe hawafichi hilo. Kurudisha kasri hili ukuta kwa ukuta ni kazi inayoendelea hadi leo.

Fika saa 3 asubuhi linapofunguliwa. Kiingilio ni won 3,000, na aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, anaingia bure. Maduka ya kukodisha hanbok yamejaa kuzunguka kituo cha Gyeongbokgung. Angalia nguo kabla ya kulipa: zile zenye pambo la kumetameta na sketi yenye pete za waya ni za picha tu. Omba ya kawaida, ya pamba au hariri, yenye sketi pana inayofungwa juu ya kifua. Mwenye mwili mkubwa aende duka kubwa, ambako saizi ni nyingi. Na dada mwenye rasta ndefu ana bahati, kwa sababu msichana wa enzi ya Joseon alisuka nywele mkia mmoja mrefu na kufunga utepe mwishoni. Nusu ya kazi umekuja nayo.

Saa 4 asubuhi kuna zamu ya walinzi kwenye lango la Gwanghwamun, na nyingine saa 8 mchana. Ni igizo, lakini limetengenezwa vizuri, na ngoma yake inasikika hadi barabarani. Likiisha, umati unamiminika ndani, hivyo ni bora uwe umeshauona ukumbi mkuu, Geunjeongjeon, kabla yake.

Uani mbele ya ukumbi kuna safu mbili za nguzo fupi za mawe zilizochongwa maandishi. Hizo ni alama za vyeo: maofisa wa kiraia walisimama upande wa mashariki, wanajeshi magharibi, kila mtu kwenye jiwe lake. Sasa chungulia ndani. Nyuma ya kiti cha enzi ndiyo ile skrini yenye mchoro wa vilele vitano, jua jekundu na mwezi mweupe. Ilikuwa ya mfalme peke yake. Popote alipoketi iliwekwa nyuma yake, na hufafanuliwa kuwa mchoro haujakamilika mpaka yeye akae katikati ya mbingu na ardhi. Inua macho uone majoka mawili ya dhahabu darini. Wengi hawainui.

Baada ya hapo watu wengi hupiga picha kwenye banda la Gyeonghoeru lililo juu ya bwawa na kuondoka. Wewe endelea nyuma. Kwenye makazi ya malkia, Gyotaejeon, kuna bustani ya ngazi yenye mabomba ya moshi ya matofali mekundu, yamepambwa kwa maua na wanyama. Yanapendeza, lakini yana kazi: moto uliwashwa chini ya jengo, moshi wa moto ukapita kwenye njia za mawe chini ya sakafu ukiipasha joto, kisha ukatokea kwenye mabomba haya bustanini. Mfumo huo unaitwa ondol. Ukiushika hapa, utaelewa kwa nini Wakorea hukaa, hula na hulala sakafuni, na kwa nini viatu vinabaki mlangoni.

Mashabiki wa tamthilia za jikoni la mfalme wasikose Sojubang, jikoni la kasri lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2015. Na mwisho kabisa kaskazini kuna Geoncheonggung, ambako Malkia Min aliuawa na Wajapani mwaka 1895. Mahali penyewe ni kimya na pana watu wachache.

Changdeokgung, la mwaka 1405, liko mwendo mfupi kwa miguu na limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1997. Hapa cha kufuata ni bustani ya nyuma, Huwon, inayoingiwa kwa muda maalumu na kwa tiketi ya ziada. Tiketi za mtandaoni hufunguliwa siku chache kabla na huisha haraka msimu wa majani mekundu. Nyingine huuzwa getini asubuhi. Kati ya makasri yote, hili ndilo ningerudia. Gyeongbokgung limepangwa kwa mstari ulionyooka ili kutisha; Changdeokgung limefuata mteremko wa kilima.

Hatua ya pili: mtaa wa nyumba za zamani

Kati ya makasri hayo mawili kuna Bukchon, mtaa wa hanok, nyumba za mbao zenye mapaa ya vigae vyeusi. Watu wanaishi humo. Baada ya miaka ya kelele na watalii kuchungulia madirishani, serikali ya mtaa imeweka muda: sehemu yenye msongamano mkubwa mtalii anaruhusiwa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni tu, na faini ni won 100,000. Ongea kwa sauti ya chini, usikae kwenye vizingiti vya watu.

Mimi ningepita Bukchon kwa nusu saa, halafu ningelala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni ya hanok. Godoro linatandikwa sakafuni, sakafu ina joto, mlango ni wa karatasi. Utajua zaidi kwa usiku mmoja kuliko kwa picha mia za vigae. Kama bajeti haikubali, teremka Insadong ukae kwenye nyumba ya chai.

Hatua ya tatu: kula

Nenda soko la Gwangjang, lililoanza mwaka 1905, kituo cha Jongno 5-ga. Mama lishe wamepanga vibanda katikati ya njia, na wateja wanakaa kwenye mabenchi wakiwatazama wakipika. Chakula cha hapa ni bindaetteok, na wewe unakifahamu bila kujua: ni choroko. Zinalowekwa, zinasagwa kwenye jiwe la kusagia linalozunguka palepale kibandani, zinachanganywa na chipukizi za choroko na vitunguu, kisha zinamiminwa kwenye mafuta mengi mpaka ukingo unakuwa mkavu na ndani kunabaki laini. Unachovya kwenye mchuzi wa soya wenye vitunguu. Uliza kama wameweka nyama ya nguruwe, maana wengine huweka. Angalia bei iliyobandikwa, na agiza sahani moja kwanza.

Kwenye mgahawa wa kawaida kuna mambo ya kujua. Vijiti na vijiko mara nyingi viko kwenye droo chini ya meza. Kengele ya kumwita mhudumu iko mezani. Visahani vya pembeni, kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) na vingine, havilipiwi na huongezwa ukiomba. Bakshishi haitolewi. Mkubwa akianza, ndipo mdogo anafuata. Kupokea na kutoa kitu ni kwa mikono miwili, na kinywaji humimini chako, unammiminia mwenzako. Aliyelelewa kwenye shikamoo hatapata shida hapa. Vijiti usivisimamishe wima ndani ya wali, kwani hivyo ndivyo inavyofanyika kwenye ibada za wafu.

Kwa Waislamu: nyama ya nguruwe imejificha kwenye vingi, hata gimbap ya dukani (wali uliokunjwa ndani ya mwani) na supu ya kimchi. Msikiti Mkuu wa Seoul uko Itaewon, ulifunguliwa mwaka 1976, na mitaa inayouzunguka ina migahawa ya halali, ikiwemo ya vyakula vya Kikorea. Shirika la Utalii la Korea nalo lina orodha ya migahawa inayofaa Waislamu. Nje ya Seoul, kimbilio ni samaki wa kuchoma, au bibimbap, wali wa kuchanganya na mboga, bila nyama.

Hatua ya nne: kuoga

Jjimjilbang ni bafu la umma lenye vyumba vya joto, na ni sehemu ya utamaduni ambayo wageni wengi huikwepa kwa aibu. Utaratibu uko hivi. Mlangoni unaweka viatu kwenye kabati, unalipa, unapewa ufunguo na sare ya fulana na kaptula. Upande wa mabafu wanaume na wanawake wametengwa, na humo watu hawavai kitu. Unaoga kwanza kwa sabuni, ndipo unaingia kwenye mabwawa. Ukitaka, unalipia kusuguliwa kwa glavu inayokwaruza kuliko dodoki, na utashangaa kinachotoka mwilini. Asiyetaka kuvua nguo avae sare na aende moja kwa moja kwenye ukumbi wa pamoja, ambako familia nzima imejilaza kwenye sakafu ya joto, inakula mayai ya kuokwa na kunywa sikhye, kinywaji baridi na kitamu cha mchele. Kama umeshawahi kuona kwenye tamthilia mtu amekunja taulo kichwani pembe mbili, ni hapa.

Hatua ya tano: muziki wa sasa, na wa zamani

Niwe mkweli kwa mashabiki wa K-pop: msanii humpati kwa kusimama nje ya kampuni yake. Kuingia kwenye kipindi cha televisheni cha muziki kwa kawaida kunahitaji uwe mwanachama wa klabu rasmi ya mashabiki na bahati kwenye mchujo. Kinachopatikana kwa urahisi ni maisha ya mashabiki wenyewe. Nenda Hongdae jioni, hasa Ijumaa au Jumamosi, ukaone vikundi vya vijana wakicheza mitaani. Tafuta kwenye mitandao ya kijamii mikahawa ya siku ya kuzaliwa: mashabiki hukodi mkahawa, huupamba kwa picha za msanii wao, na ukinunua kinywaji unapewa bilauri ya karatasi yenye sura yake. Seongsu, mtaa wa viwanda vya zamani uliogeuka wa mitindo, una maduka ya muda ya wasanii na studio za dansi zinazopokea wageni kwa somo moja. Malizia kwenye noraebang ya sarafu, kibanda cha kuimba ambacho kwa noti ya won 1,000 unapata nyimbo kadhaa. Hakuna anayekusikia ila rafiki yako.

Kisha tenga jioni moja kwa muziki uliotangulia huo. National Gugak Center, kusini mwa mto, ina maonyesho ya ngoma na nyimbo za jadi. Ukibahatika kukuta pansori, utamwona mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja wakibeba hadithi nzima, huku hadhira ikiitikia katikati ya wimbo. Anayejua taarabu ataelewa kuitikia huko.

Waliokulia kwa Jumong nao nisiwasahau. Ufalme wake, Goguryeo, haukuwa Seoul. Makaburi yake maarufu yako Korea Kaskazini na kaskazini mashariki mwa China. Kilicho karibu nawe ni chumba cha Goguryeo ndani ya National Museum of Korea, kituo cha Ichon, ambako kiingilio cha maonyesho ya kudumu ni bure. Humohumo kuna chumba cha giza chenye sanamu mbili tu za shaba, za mwanafikra ameshika shavu kwa vidole. Kaa humo kidogo.

Hatua ya sita: kutoka Seoul

Suwon ni ya nusu siku: treni ya jiji ya Line 1, takriban saa moja. Ngome ya Hwaseong ilijengwa kati ya 1794 na 1796 kwa amri ya Mfalme Jeongjo, na ukuta wake wa kilomita 5.7 unatembeka karibu wote. Karibu na hapo, Yongin, kuna Korean Folk Village, iliyofunguliwa mwaka 1974, ambako tamthilia nyingi za kihistoria zimepigwa. Wenye watoto waiweke juu ya orodha.

Gyeongju ndiyo safari ninayoisisitiza. Ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla kwa karibu miaka elfu moja, hadi mwaka 935. KTX kutoka Seoul hutumia kama saa mbili, ila kituo kiko nje ya mji, kwa hiyo hesabu na basi. Katikati ya mji kuna vilima vya kijani vya mviringo: ni makaburi ya wafalme, na baiskeli zinapita kati yake. Kimoja, Cheonmachong, unaweza kuingia ndani. Asubuhi nenda hekalu la Bulguksa na sanamu ya Buddha ya Seokguram mlimani. Kiingilio cha mahekalu hayo kilifutwa mwaka 2023. Usiku nenda bwawa la Wolji taa zikiwaka. Lala hapo. Anayekuja asubuhi na kurudi jioni anaona foleni ya basi tu.

Kutoka Gyeongju, Busan ni nusu saa kwa KTX. Nenda kwa ajili ya soko la samaki la Jagalchi na hekalu la Haedong Yonggungsa linalopigwa na mawimbi. Jeonju, upande wa magharibi, ni ya walaji na ya wanaotaka hanok nyingi kwa pamoja. Kisiwa cha Jeju kiache kwa safari ya pili.

Mpakani na Kaskazini huendi peke yako. Ni lazima ziara ya kampuni, pasipoti mkononi, na Jumatatu kwa kawaida hakuna. Utashuka kwenye handaki la tatu kati ya yale yaliyochimbwa na Korea Kaskazini chini ya mpaka, lililogunduliwa mwaka 1978, ukiwa na kofia ngumu maana dari ni fupi. Panmunjom yenyewe, mahali pa mikutano ya pande mbili mpakani, hufungwa mara kwa mara, kwa hiyo usilipe kabla ya kuhakikisha.

Kuna safari moja ambayo waongozaji wengi hawaitaji, na Mwafrika anapaswa kuijua. Panda treni ya kuelekea Chuncheon. Njiani unaweza kushuka Gapyeong kwa ajili ya kisiwa cha Nami, kilichopata umaarufu kwa tamthilia ya Winter Sonata ya mwaka 2002. Ni pazuri, ila kwa maoni yangu saa mbili zinatosha. Endelea hadi Chuncheon kando ya ziwa, ambako kuna mnara na jumba la kumbukumbu la askari wa Ethiopia waliopigana Vita vya Korea wakiwa kikosi cha Kagnew. Haile Selassie alikuja mnara ulipozinduliwa mwaka 1968, na mwaka huohuo ukafunguliwa jirani yake mkahawa unaoitwa Ethiopia, ambao bado unauza kahawa. Chakula cha mji huo ni dakgalbi, kuku wa pilipili anayekaangwa mezani na kabichi. Mkiwa wawili, agizeni sahani za watu wawili, kisha wali wa kukaangia kwenye mabaki ya mchuzi.

Ndani ya treni na mitaani

Viti vya pembeni mwa behewa ni vya wazee na wagonjwa. Kijana haketi hata vikiwa vitupu. Vya rangi ya waridi ni vya wajawazito. Simu inaongelewa kwa mnong'ono. Mapipa ya taka ni adimu, tembea na mfuko. Huenda ukatazamwa, hasa nje ya Seoul, na mzee anaweza kukuuliza umri wako kabla ya jina. Anataka kujua akuongeleshe kwa heshima ya kiwango gani. Mjibu.

Siku ya kuondoka

Ukinunua vitu vya kuanzia won 15,000 kwenye duka lenye alama ya kurudishiwa kodi, onyesha pasipoti. Mengine hukata kodi palepale, mengine hukupa risiti ya kwenda nayo kwenye mashine za Incheon. Pitia mashine hizo kabla ya kukabidhi mizigo, kwa sababu forodha wanaweza kutaka kuona ulichonunua. Salio la T-money lisilozidi won 20,000 hurudishwa kwenye maduka ya saa 24 kwa makato ya won 500. Bei ya kadi yenyewe hairudi. Na kimchi, gochujang (rojo ya pilipili) na achari zote ziweke kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwani kwenye ukaguzi vinahesabiwa kama vimiminika na vitabaki mezani kwa askari.